Hadithi Iliyokatwa Kuwa Patroni

Nilikuwa ndani ya eda, wiki ya tisa, simu ilipolia. Alikuwa mwenzangu wa sokoni Kimironko, fundi ambaye meza yake imeshikana na yetu. Aliniuliza kama anaweza kukata karatasi za kaki zilizokuwa chini ya meza ya marehemu mume wangu.

"Mama, patroni ya sare imechanika yote," alisema. "Shule iko karibu kufungua na wazazi wamenikalia kooni. Hapa kwa mzee iko karatasi nyingi, imeviringishwa. Nikate?"

"Kata."

"Lakini iko na maandishi."

"Ni vipimo vya zamani hivyo. Kata tu."

Patroni ni karatasi iliyokatwa kwa umbo la sehemu ya nguo, mgongo, mkono au kola. Fundi huilaza juu ya kitambaa, akaizungushia chaki, kisha akapitisha mkasi. Ukikata patroni vizuri mara moja, utashonea watoto mia. Na kila fundi huandika juu yake: kifua, urefu, umri wa mtoto, wakati mwingine simu ya mteja. Ndiyo maana maandishi kwenye karatasi ya kaki hayatushtui. Kwetu karatasi safi ndiyo inayotufanya tuulize ni ya nani.

Nilikata simu nikarudi kwenye tasbihi yangu. Sikulifikiria tena jambo lile kwa miezi miwili.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Babu yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani kupitia Tabora, akaoa huku, akabaki. Ujana wake yeye aliupitisha Bukoba kwa ami yake, akijifunza kushona, na huko ndiko alikoanza kuandika. Aliandika hadithi fupi za mambo ambayo hayajatokea. Mwenyewe aliziita hadithi za kesho. Sita kati yake zilichapwa katika gazeti moja la hadithi lililokuwa likitoka Nairobi, zamani, kabla hajanioa. Gazeti lilikufa, na jina lake likafa nalo. Sijawahi kukutana na mtu aliyesema, ah, huyu ndiye yule mwandishi. Isipokuwa mmoja, nitamfikia.

Iliyojulikana kidogo ni ya fundi aliyehamia mwezini. Kule uzito wa mtu ni mdogo, hivyo kanzu haishuki, inapepea na kumwacha mtu wa heshima miguu wazi. Fundi akagundua kushona vipande vya madini mazito ya risasi ndani ya pindo. Mafundi wa Kimironko walipoisikia walimcheka miaka yote. Mtu akipita anasema, "Fundi wa mwezini, suruali yangu ya kwendea mbinguni iko tayari?" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Bado, njoo ulipe kwanza ya duniani."

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Lakini sitasingizia shule. Hadithi zake sikuzipenda. Niliziona mchezo wa mtu ambaye hajachoka.

Kisha ukaja mwaka ule, jirani alipomuua jirani. Sisi wa hapa hatuna haja ya kuutaja. Ulituchukua binti yetu, wa pekee, akiwa na miaka sita, na hatukujaliwa mwingine. Baada ya hapo mume wangu hakuandika. Miaka ilipita mingi, akishona tu, na mimi nikishona kando yake, na jioni tukipanda basi la Nyabugogo kurudi kwetu Gatsata. Jina la mtoto hatukulitamka sana. Si kwamba tulikubaliana hivyo. Ilitokea tu, kama njia inayoota majani kwa kukosa wapitaji.

Miaka yake miwili ya mwisho sukari ilimshika macho. Hakuweza tena kuandika katika madaftari, mistari ilimkimbia. Ndipo siku moja nikamwona ameinama juu ya karatasi ya kaki akiandika kwa penseli nene ya fundi seremala, herufi kubwa kama za mtoto anayejifunza.

"Unapima nini?" nikamwuliza.

"Sipimi. Naandika."

"Umeanza tena?"

"Imenirudia yenyewe."

Iliyomrudisha, nadhani, ni yule bwana wa Remera. Huyu ni Mtanzania, mtu wa makamo, anafanya kazi katika ofisi ya kusafirisha mizigo. Alikuja sokoni kupunguziwa suruali akasikia mafundi wakimtania mzee juu ya mwezi. Akasimama. Akasema kwamba utotoni kwao Mwanza baba yake alikuwa na sanduku la magazeti ya zamani, na humo alisoma hadithi ya fundi na pindo la risasi, akaisoma hata akaijua kwa moyo. Alimshika mume wangu mkono kwa mikono yake miwili. "Ni wewe, mzee wangu? Kumbe upo hai?" Mume wangu alicheka, akasema, "Nusu."

Tangu siku hiyo alikuwa akipita. Alitaka kuzikusanya zile sita achape kijitabu, na alimwomba mzee aongeze moja mpya. Mzee akamwahidi.

Aliiandika kwa miezi. Kila alipomaliza ukurasa alinisomea. Mchana, sokoni, wateja wakiwa wachache, mvua ikipiga juu ya paa. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, napindisha kola. Cherehani yangu ina kelele, na kola inataka macho. Nilikuwa nikisema "Mm." Akisoma kidogo ananyamaza, nasema "Mm," anaendelea. Siku aliyomaliza alisimama kabisa akasoma ukurasa wa mwisho, ameishika karatasi karibu na pua. Kisha akaniuliza, "Unaonaje?"

"Vizuri," nikasema.

Akaziviringisha karatasi zote, akazifunga kwa kitambaa, akaziweka chini ya meza yake.

Hospitali, siku tatu kabla hajatutoka, aliniambia, "Ile karatasi mpe yule bwana wa Remera." Nikamwambia nitampa. Sanduku letu nyumbani lilikuwa na madaftari yake ya ujana, na mawazo yangu yalikwenda huko, si chini ya meza. Nilipoanza eda nilitoa madaftari hayo sandukuni, nikayafunga ndani ya kitenge kipya, nikayaweka tayari. Nilijiona mke mwaminifu.

Yule bwana alinipigia simu kunipa pole. Hakuniuliza chochote juu ya hadithi. Alisema atakuja nikimaliza eda, maana si adabu mwanamume wa nje kugonga mlango wa mjane. Alihesabu miezi minne na siku kumi kama anavyohesabu ndugu. Angekuwa mtu asiye na adabu, akaja wiki ya kwanza, karatasi zingekuwa nzima.

Alikuja siku ya pili baada ya kutoka eda, na sukari na majani ya chai. "Shikamoo mama. Pole sana mama." Nilimpa kitenge. Akakifungua magotini, akapekua daftari moja moja polepole, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta bila kutaka kuonekana anatafuta.

"Hizi ninazo, mama. Ndizo zile zilizochapwa. Ile mpya je? Aliniambia ameiandika kwenye karatasi za kaki."

Nilielewa pale pale, yote kwa pamoja, simu, swali, jibu langu.

"Kuna fundi mwenzetu pale sokoni," nikasema. "Alizikata wakati mimi niko ndani. Hakujua."

Kila neno lilikuwa kweli. Na yote yalikuwa uongo.

"Jamani," akasema. Akakifunga tena kitenge. "Basi. Hakujua, tutafanyaje."

Tulikwenda pamoja Kimironko. Njia nzima nilijiambia kwamba nikifika nitasema. Mwenzangu alituona, akaja mbio kunikumbatia, maana hakuwa ameniona tangu mazishi. "Mukecuru wangu, bibi yangu! Umekonda sha, nani alikuwa anakula chakula yako?" Yule bwana akamwambia kwa upole kwamba tunatafuta karatasi za mzee, zile alizokata, zilikuwa hadithi ya mwisho ya mzee.

Mwenzangu aligeuka akanitazama. Alinitazama tu. Mimi nilitazama cherehani.

"Sikujua," akamwambia yule bwana. "Nisamehe, bosi. Mimi Kiswahili ya kusoma iko ngumu kwangu. Niliona ni vipimo."

"Usijali, dada."

Alipiga magoti chini ya meza yake akaanza kutoa patroni moja moja. Nilimwacha aombe msamaha uliokuwa wangu kuuomba. Nimezika mtoto na mume, na bado nikitafuta siku niliyokuwa mtu mbaya zaidi, ninaiona hiyo.

Patroni hutembea. Moja alikuwa amemwazima muuza vitenge, nyingine ilikuwa kwa fundi wa Remera karibu na uwanja. Tulizikusanya kwa siku nne. Migongo ya mashati ya miaka minane. Mikono. Mbele ya kaptula, kushoto na kulia. Mifuko. Tulizileta Gatsata, nikaondoa mkeka, tukazitandaza sebuleni. Mwenzangu hakuja. Alisema ana kazi.

Kwa vile ni fundi, mimi ndiye niliyejua jinsi ya kuziunga. Yule bwana alijaribu kufuata maneno, akapotea. Mimi nilifuata kingo. Mkasi ukikata mgongo, karatasi iliyo jirani lazima iwe na ukingo wa umbo lile lile. Kwa hiyo nilijenga upya karatasi kubwa kama zilivyokuwa kabla ya mkasi, na maandishi yakajiunga yenyewe. Nilipomaliza, tulikuwa na karatasi tisa sakafuni, na mapengo meupe ya saruji pale ambapo vipande vilikuwa vimetupwa.

Akaanza kunisomea kwa sauti. Safari hii sikuwa na cherehani.

Ni mji wa vilima, miaka mingi ijayo. Watu hawapandi tena kwa miguu, wanavutwa kwa waya kutoka kilima hadi kilima. Fundi mmoja ana mashine. Ukiipa nguo kuukuu ya mtu, mashine inasoma mkunjo na jasho, inatoa vipimo vya mwenye nguo kwa kila umri atakaofika. Wazazi wanaipenda, wanashonesha sare za miaka yote kwa siku moja. Kisha anakuja mama mmoja na gauni la mtoto, la manjano, kola nyeupe, vifungo vinne, cha chini hakifanani na vingine.

Nilimwambia yule bwana asimame kidogo.

Gauni lile nalijua. Kifungo cha nne kilipotea siku ya Idi, na mume wangu akashonea kingine cha shati lake mwenyewe, na binti yetu akalia kwamba hakifanani.

Akaendelea. Mama anataka vipimo vya miaka saba, minane, kumi, kumi na tano. Fundi anaiweka nguo kwenye mashine. Mashine haijui habari za kifo, inajua nguo tu. Inatoa vipimo vyote, hadi vya mwanamke mzima, hadi vya bibi aliyepinda mgongo. Mama anaviomba vyote vishonwe. Fundi anajua mtoto yuko wapi. Mama pia anajua. "Fundi alishika mkasi," akasoma yule bwana, "akamtazama mama, kisha aka"

Baada ya hapo palikuwa na duara la sakafu tupu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umekatwa mbele ya gauni la msichana, na mwisho wa hadithi ulikuwa mahali pa shingo. Kipande cha shingo hakina kazi. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba vipande hivyo huwapa wanawake wa chakula wawashie makaa.

"Mama," akasema yule bwana, "mzee alikuambia inaishaje?"

"Hapana."

Huo ulikuwa uongo wa pili, nao haukuwa na kweli hata kidogo ndani yake.

Alirudi baada ya wiki moja na karatasi yake mwenyewe. Alisema kwa haya kwamba amejaribu kuandika mwisho, sentensi chache tu, na nikiona zinafanana na mzee tutaziweka, hakuna atakayejua. Akanisomea. Fundi anashona magauni yote, mama anayatundika chumbani kwa mpango wa umri, na kila mwaka anafungua dirisha la chumba hicho upepo uyajaze.

Ilikuwa nzuri. Nililia. Na nikiwa nalia nikaona kitakachotokea: watu watasoma, watasema mzee aliwaza hivi juu ya mtoto wake. Mimi pia, baada ya miaka miwili mitatu, nitaamini. Nitakuwa nimemwondolea hata hilo alilosema, na kuweka la mtu mwingine.

"Twende sokoni," nikamwambia.

"Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi."

Mwenzangu alikuwa anapiga pasi. Nilisimama kati yao wawili nikasema kwamba huyu hana kosa. Aliniuliza akate au asikate, nikasema kata. Aliniambia kuna maandishi, nikasema kata tu. Nikasema pia kwamba mume wangu alinisomea hadithi ile yote, hapa hapa, nimekaa pale, na alinisomea mwisho akiwa amesimama, na mimi sikusikiliza. Sikumbuki hata neno. Nakumbuka kola niliyokuwa naipindisha, ilikuwa ya buluu.

Pasi ikaanza kunuka, mwenzangu akainyanyua.

"Mimi nilikuwa najua," akasema, macho yake kwenye kitambaa kilichoungua. "Nilikuwa nangoja tu mama useme."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Ningekusema, ungekuwa na nani tena?" Kisha akafuta uso kwa kiganja. "Haya, hii shati nani atalipa? Mkosi gani huu unaleta saa ya pasi."

Alinisamehe, na najua alinisamehe kweli. Lakini tangu siku ile akitaka ruhusa yangu kwa jambo lolote, hata kuazima mkasi, humwita muuza vifungo wa meza ya tatu. "Njoo usikie," anamwambia. "Mukecuru amesema ndiyo, wewe ni shahidi." Wote wanacheka. Nami nacheka. Anaita kila mara.

Yule bwana alitaka kujua kama hakuna hata kitu kimoja, sauti, kama mzee alikuwa na huzuni aliposoma au alitabasamu. Nilifikiri kwa muda mrefu nisije nikabuni. Nikamwambia sikumwangalia.

Kijitabu kimetoka. Kina jina la mume wangu juu, na hadithi saba. Ya saba inakomea pale penye "kisha aka", na nafasi nyeupe imeachwa. Nilimwomba aandike chini yake sababu kamili. Alikataa. Alisema si haki kumwaibisha mjane ndani ya kitabu cha mumewe, na wasomaji hawahitaji. Aliandika: mwisho wa hadithi hii haukupatikana.

Sikubishana naye, ni mtu mwema, na kitabu ni kazi yake. Lakini mtu akikisoma atadhani ni bahati mbaya, karatasi zilipotea tu kama zinavyopotea za watu wengi. Kwa hiyo nimeandika mimi haya, kwa herufi zangu. Mwisho ulipatikana. Ulisomwa kwa sauti, mchana, Kimironko, na aliyesomewa ni mimi. Aliniuliza naonaje, nikasema vizuri.